Waya ya Bwawa na Miti ya Uzio: Namna ya Kupima Mzunguko wa Shamba Lisilo na Pembe



Mbele ya kila msimu, kuna swali moja linalorudi kwenye mikutano yetu: "Agronomu, tununue waya metre ngapi?" Kama shamba liko na pembe nne na pande zilizonyooka, jibu si gumu. Unapima urefu, unapima upana, unajumlisha, kisha unazidisha kwa 2. Shamba la metre 50 kwa 30 liko na mzunguko wa metre 160. Watoto wetu wanafanya hesabu hiyo shuleni bila shida.

Lakini mashamba yetu ya milimani hayakuchorwa kwa rula, na mabwawa ya samaki ndiyo mbaya zaidi. Bwawa linafuata bonde, limenenepa katikati na kupungua kwenye ncha, sawa yai. Zizi la mbuzi ni duara. Hapo wengi wanakisia, na kukisia kunakula pesa ya sanduku. Waya inabaki ikipata kutu kwenye depo, ao inakosa metre 15 siku ya mwisho, na soko liko mbali.

Nilikaa na komite moja ya wafugaji wa samaki katika bonde la Ruzizi. Bwawa lao liko na umbo la yai, metre 30 za urefu na 20 za upana pale katikati. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kupiga hesabu: 30 na 20 ni 50, mara mbili ni 100. "Tununue metre 100 kwa kila mstari." Mama mwenye kutunza sanduku akauliza: "Baba, bwawa yetu iko na pembe wapi?" Swali hilo lilikuwa la maana sana. Metre 100 ni mzunguko wa sanduku ambalo bwawa lile lingeingia ndani yake. Bwawa lenyewe halifiki kwenye zile pembe nne. Linakata njia.

Tuanze na duara

Chukua sahani nyumbani, na uzi. Zungusha uzi kwenye ukingo wa sahani mara moja, ukate. Kisha nyoosha uzi huo juu ya sahani, ukipita katikati, kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Utaingia mara 3, na kipande kidogo kitabaki. Fanya vilevile kwa sufuria, kwa bidoni, kwa tangi la maji: kila mara ni 3 na kipande. Hicho kipande ndicho kinafanya tuandike 3,14. Asiyependa nukta na koma azidishe kwa 22 na kugawanya kwa 7, ni karibu sawa.

Kwa hiyo zizi la duara lenye metre 10 kutoka upande mpaka upande linahitaji uzio wa metre 31,4. Ukisema "mara tatu inatosha", utapata metre 30, na nafasi ya metre 1,4 itabaki wazi. Mbuzi hatakosa kuiona.

Hesabu hii inarudi nyuma pia. Wenye kuuza mikaratusi wanajua kwamba mnunuzi anauliza unene wa mti, na huwezi kuupima mti uliosimama kwa kuutoboa. Zungusha kamba kwenye shina. Kama imepata santimetre 94, gawanya kwa 3,14: mti uko na unene wa santimetre 30, pamoja na ganda lake. Usikubali mtu akupimie kwa macho.

Umbo la yai

Sasa turudi kwenye bwawa. Umbo hili wengine wanaliita duaradufu. Njia rahisi ni hii: jumlisha urefu na upana, gawanya kwa 2, kisha zidisha kwa 3,14. Maana yake ni kwamba unatafuta duara la katikati, lisilo kubwa kama urefu wala dogo kama upana. Kwa bwawa la Ruzizi: 30 na 20 ni 50, nusu yake ni 25, mara 3,14 ni metre 78,5.

Mzunguko wa kweli wa umbo hilo ni metre 79,3. Tumekosa chini ya metre moja, na hiyo ni kazi ya mafundo tu. Lakini tazama tofauti na zile metre 100 za mzee: kwa mistari mitatu ya waya, zingenunuliwa zaidi ya metre 60 za bure.

Njia hii iko na mpaka wake, na lazima tuuseme wazi. Inafanya kazi vizuri pale urefu haupiti mara mbili ya upana. Bwawa la metre 40 kwa 20 litakupa 94,2 wakati kweli ni karibu 96,9. Bado inavumilika. Lakini bwawa jembamba la metre 40 kwa 10 litakupa 78,5. Simama hapo ufikiri kidogo. Mtu akitembea kutoka ncha moja mpaka nyingine na kurudi, kwa mstari ulionyooka kabisa, amekwisha kufanya metre 80. Kuzunguka bwawa hakuwezi kuwa kufupi kuliko kukata katikati! Njo maana ninapenda kila mtu alinganishe hesabu yake na miguu yake mbele ya kwenda sokoni.

Kwa bwawa refu namna hiyo, kuna njia nyingine. Ilitolewa mwaka 1914 na Srinivasa Ramanujan, mwana-hesabu wa India. Inaonekana ndefu, lakini simu yenye alama ya kipeo (√) inaifanya kwa dakika moja. Chukua nusu ya urefu na nusu ya upana, hapa ni 20 na 5. Jumlisha: 25. Zidisha kwa 3: 75. Weka hiyo pembeni. Sasa chukua 20 mara tatu na uongeze 5: ni 65. Kisha chukua 5 mara tatu na uongeze 20: ni 35. Zidisha 65 kwa 35, unapata 2 275, bonyeza kipeo, unapata 47,7. Ile 75 ya pembeni utoe 47,7, inabaki 27,3. Mara 3,14 ni metre 85,7. Ni zaidi ya metre 7 juu ya ile njia rahisi.

Wengine watauliza kwa nini duara liko na kanuni moja fupi na yai halina. Si kosa la mwalimu wako. Mzunguko wa duaradufu hauna kanuni fupi inayotoa jibu kamili. Hata wasomi wakubwa wanatumia makadirio, na tofauti ni kwamba makadirio yao yako karibu sana na ukweli.

Na kama bwawa limekwisha kuchimbwa? Basi acha hesabu, chukua kamba. Kanuni ni ya kitu ambacho hakijakuwa bado: bwawa la msimu ujao, uzio ambao unaandikia mradi bajeti yake. Kitu kilichopo kinapimwa. Lakini angalia kamba yako. Kamba ya nailoni inavutika, watu wawili wenye nguvu wakiivuta itakudanganya. Kamba ya katani ikilowa maji inafupika. Uipime na riba ya metre asubuhi ileile ya kazi, na ufunge fundo kila metre moja.

Waya haikai ndani ya maji

Hapa ndipo komite nyingi zinapokosea, hata zile zenye hesabu nzuri. Wanapima ukingo wa maji, kisha wananunua waya ya urefu uleule. Lakini nguzo hazisimami kwenye ukingo. Zinasimama nje ya tuta, tuseme metre 2 kutoka majini, ili mtu apite na kapu la chakula cha samaki.

Kuna jambo moja la ajabu kidogo, na lenye faida. Kila metre moja unayosogea nje, mzunguko unaongezeka metre 6,28. Bwawa likiwa dogo ao kubwa, duara ao yai, ni ileile 6,28. Sababu yake inaonekana kwenye duara: ukisogea metre 1 pande zote, upana wote umeongezeka metre 2, na 2 mara 3,14 ni 6,28. Kwa umbo lolote lisiloingia ndani ni vilevile, mradi uzio uzunguke pembe kwa upole. Ukitaka kubakisha pembe kali za mraba, hesabu 8 mahali pa 6,28.

Kwa hiyo bwawa la Ruzizi: 79,3 na mara mbili 6,28, tunapata karibu metre 91,9. Mistari mitatu ni metre 276, na kitu kidogo juu yake kwa mafundo. Soma urefu kwenye karatasi ya rola yenyewe, usisikilize tu mdomo wa muuzaji.

Nguzo zikiwa kila metre 2,5, gawanya 91,9 kwa 2,5: unapata nguzo 37. Kama koperative inataka uzio wa miti hai, Calliandra ao Leucaena kila santimetre 50, ni miche 184, na ongeza ile itakayokufa. Hapa kuna mtego mdogo. Kwenye mstari unaonyooka, wa metre 10 tuseme, miche kila santimetre 50 inakuwa 21 na siyo 20, kwa kuwa kuna mmoja wa kuanzia. Kwenye mzunguko uliofungwa, ule wa mwisho unakutana na wa kwanza, kwa hiyo hauongezi kitu.

Na watoto wa samaki? Hao hawahesabiwi kwa mzunguko, wanahesabiwa kwa eneo la maji. Kwa yai, zidisha urefu kwa upana kisha kwa 0,785. Bwawa letu: 30 mara 20 ni 600, mara 0,785 ni metre kare 471. Pale monitere anaposhauri tilapia 2 kwa metre kare moja, ni watoto 942. Ukilichukua kama sanduku utanunua 1 200. Umelipa 258 zaidi, na wote watakaa wamebanana na kubaki wadogo.

Kuchora yai kwa vijiti viwili

Kwa wale watakaochimba bwawa jipya, hakuna haja ya kuchora kwa macho. Piga mstari wa urefu, metre 30, na alama katikati yake. Kutoka katikati, pima metre 10 upande huu na 10 upande ule, huo ndio upana. Sasa kata kamba ya metre 15, nusu ya urefu. Shika ncha moja kwenye alama ya upana, na nyoosha ile nyingine mpaka iguse mstari wa urefu. Itagusa mahali pawili, moja kushoto, moja kuume. Hapo ndipo unapigilia vijiti. Kwa vipimo vyetu, kila kijiti kitakuwa metre 11 na santimetre 18 kutoka katikati. Ukiona kimekuwa 13 ao 9, rudia.

Kisha chukua kamba ya metre 30, sawa na urefu wa bwawa lote, ufunge ncha zake kwenye vijiti viwili. Metre 30 zihesabiwe kati ya vijiti, bila mafundo. Mtu mmoja aisukume kamba nje kwa fimbo, iwe imekazwa wakati wote, na atembee akichora udongo. Fimbo itachora yai kamili. Watoto wanapenda kazi hii, na ni vizuri waifanye, wataikumbuka kuliko ubao wa shule.

Lakini si kila bwawa refu lenye ncha za mviringo ni yai. Mengi yanayochimbwa na salongo yako na pande mbili zilizonyooka na nusu duara kila upande. Hapo hesabu ni nyepesi zaidi: zile nusu mbili zinafanya duara moja, unaongeza pande mbili zilizonyooka. Metre 30 kwa 20 za namna hiyo: duara la 20 ni metre 62,8, pande zilizonyooka ni 10 na 10, jumla metre 82,8. Tofauti na yai ni metre 3 na nusu. Tazama kwanza umbo, kisha chagua hesabu.

Na shamba lenye upande mmoja unaofuata mto? Piga vijiti pale ambapo mto unapinda, pima kutoka kijiti mpaka kijiti, jumlisha. Kipimo hicho kitakuwa kifupi kidogo kuliko mto wenyewe, lakini waya nayo inakwenda imenyooka kutoka nguzo mpaka nguzo. Kwa uzio, ndicho unachohitaji.

Mzunguko si ukubwa wa shamba

Sasa ninafika kwenye jambo ambalo linaniumiza zaidi kuliko waya. Wengi wetu hatuna shamba la kutosha, tunakodi kwa msimu, ile ambayo Bushi wanaita bwasa. Na mahali pengi shamba linapimwa kwa kuzunguka: mwenye shamba anatembea, mkulima anamfuata, wanahesabu hatua. "Hatua 400, hii ni hekta moja." Mkulima analipa bei ya hekta.

Tuseme kila hatua ni metre moja kamili. Shamba la metre 100 kwa 100 liko na mzunguko wa metre 400, na kweli ni hekta moja, ari 100. Lakini shamba la 150 kwa 50 nalo liko na mzunguko wa 400, na ni ari 75. Lile la 180 kwa 20, kipande kirefu kando ya barabara, mzunguko ni 400 vilevile, na ni ari 36. Mkulima amezunguka hatua zilezile, amelipa pesa ileile, amepata theluthi moja na kidogo. Mbegu alizonunua kwa hekta zitabaki kwenye gunia, na wakati wa mavuno ataambiwa hajui kulima.

Kwa mzunguko huohuo wa metre 400, umbo linalobeba udongo mwingi kuliko yote ni duara: karibu ari 127. Kadiri shamba linavyokuwa refu na jembamba, ndivyo mzunguko unavyokuwa mkubwa na udongo mdogo. Wafugaji wetu wa zamani waliojenga mazizi ya duara walipata nafasi kubwa kwa miti michache.

Kwa hiyo mbele ya kulipa bwasa, pima urefu, na pima upana mahali patatu ao pane kama shamba halikunyooka. Upana huo ujumlishe, ugawanye kwa hesabu ya mahali ulipopima, kisha uzidishe kwa urefu. Shamba la urefu wa metre 120, lenye upana wa 40, 46, 38 na 36: jumla 160, gawanya kwa 4 ni 40, mara 120 ni metre kare 4 800, ari 48. Kazi hiyo haipiti nusu saa.

Na kwenye mteremko, mkubaliane kwanza namna ya kushika kamba. Kwa uzio, kamba inalala juu ya udongo, kwa kuwa waya nayo itapanda na mlima. Kwa ukubwa wa shamba, kamba inashikwa sawasawa kama maji yaliyotulia, kwa vipande vifupi vifupi, mmoja ameinama juu na mwingine amenyoosha mkono chini. Pale ambapo mlima unapanda metre 30 kwa kila metre 100, "hekta" iliyopimwa kwa kulaza kamba kwenye mteremko ni ari 96 tu. Si wizi mkubwa, lakini ikiongezeka juu ya hatua fupi za mwenye miguu mifupi, inakuwa kitu.

Karatasi ya bwasa isiandike "hatua 400". Iandike urefu, kila upana uliopimwa, ari ngapi, na vijiti vya pembe viko wapi, karibu na mti gani ao jiwe gani. Mashahidi wawili waweke sahihi pale shambani, kamba ikiwa bado chini.